Jina Likaitwa, Tukasimama Wawili

3 Februari 1979

Somo wangu,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji, na kwa ile dramu yako yenye kikohozi. Mimi huku mzima, ila sikio la kushoto linavuma tangu Jumamosi kwa sababu ya spika. Vipi afya zenu? Shemeji ameanza kutoka nje?

Najua umeshasikia kwa watu, na kusikia kwa watu kunauma, kwa hiyo naomba radhi kwanza. Nimeacha bendi. Prodyuza anasema watu hawawezi kukariri majina matano. Anataka mtu mmoja, gitaa moja, uso mmoja kwenye jalada. Nilimwambia hao wanne wengine ndio niliorushiwa nao chupa za soda, siku ile tulipopiga roki mara ya kwanza kwenye ukumbi uliozoea dansi la taratibu. Akanijibu kwamba chupa ni chupa na kazi ni kazi. Somo, nina miaka ishirini na saba. Nafasi hii ikinipita sijui kama kuna nyingine.

Nina ombi. Ule wimbo wako wa mtoto, naomba niuimbe kwenye santuri yangu ya kwanza. Sina mwingine unaonyamazisha watu namna ile. Kwenye lebo tutaandika jina kama tulivyozoea, moja tu, bila la baba. Unakumbuka tulivyocheka, eti mwanaroki hana baba? Mimi nitajua ni wewe, na wewe utajua ni wewe. Tangu siku ile mwalimu wa darasa la kwanza alipoita jina tukasimama wawili, tumewahi kuligombania?

Somo wako wa nyuzi


26 Februari 1979

Somo,

Salamu zako zimefika. Sisi tupo. Shemeji yako anatoka mpaka uani, anaanika nguo, anarudi ndani.

Habari ya kuacha bendi niliipata kwa mlinzi wa ukumbi. Nilikwenda na vijiti vyangu mkononi, mazoezi ya Alhamisi, akaniuliza kwani mimi sijui. Mlinzi, somo. Miaka minane tumelala sakafu moja, halafu habari zako nazipokea getini. Nina hasira na wewe na sitaki kukuficha. Dramu nimeifunika turubai, nimerudi kwenye brashi, naandika vibao vya maduka na vinyozi.

Ama wimbo. Huo sikuutunga kwa ajili ya bendi, na wewe unajua, ulikuwa umesimama mlangoni nilipouimba mara ya kwanza, wiki moja baada ya kumzika binti yetu. Aliishi siku kumi na saba. Hana picha. Nguo zake mama yake alizigawa zote. Ana wimbo tu. Nilimuuliza shemeji yako kama nikupe. Siku ya tatu akasema mpe, watu wakiuimba huko na huko mtoto wetu naye atakuwa ametembea.

Kwa hiyo uchukue. Usibadilishe neno hata moja.

Somo wako wa ngoma


14 Septemba 1991

Somo,

Hujambo? Afya yako huwa naisoma magazetini, kwa hiyo siulizi sana. Nimesoma nchi ulizopiga, nimesoma wanakuita baba wa roki, nimesoma na habari ya sikio. Pole kwa sikio. Miaka kumi na miwili nimepata kwako kadi mbili, na zote zilipigwa chapa.

Siandiki kwa ajili ya hayo. Jana asubuhi shemeji yako alikuwa anapiga pasi, redio iko dirishani. Mtangazaji akakuuliza ule wimbo uliokutoa ulimtungia nani. Ukacheka kwanza. Ukasema ulimtungia msichana mmoja wa ujanani aliyekuacha kwenye kituo cha basi, na kwamba huyo aliyelala katika ubeti wa pili ni penzi lenu. Mtangazaji naye akacheka. Nilishtuliwa na harufu ya kuungua. Pasi ilikuwa imetulia juu ya shati langu.

Shemeji yako akaniambia: "Kumbe wimbo ulikuwepo. Mwanangu ulimvisha mtumba."

Nimeapa mpaka nimechoka. Nikisema wimbo ni wangu, ananiuliza kwa nini basi mwenye santuri anasema vingine. Ananiwekea chakula mezani na kuondoka. Miaka yote hii kila ulipopigwa redioni alikuwa anaacha anachofanya, anasimama mpaka uishe. Leo asubuhi ulipoanza, alizima.

Sitaki kitu kingine kwako, somo, wala sijawahi kutaka. Rudi redioni useme ulitungwa na nani na kwa ajili ya nani. Ni sentensi moja, na nyumba yangu imeishikilia hiyo.

Somo wako wa ngoma


2 Novemba 1991

Somo wangu wa tangu utoto,

Nakusalimu kwa heshima, na shemeji pamoja na hasira zake, ambazo anazo haki nazo. Mimi nipo. Sikio la kushoto limeshafunga duka, la kulia linauza rejareja.

Barua yako ilinikuta safarini. Sasa nisikilize. Yule mtangazaji alitaka kitu chepesi, watu wako kwenye chai ya asubuhi. Ningemwambia nini, kuna mtoto amekufa? Na huyo msichana wa kituo cha basi nimemsimulia mara nyingi mpaka hata mimi namwona. Najua wimbo ni wako. Nakuandikia kwa mkono wangu: ni wako, wa binti yako. Mwonyeshe shemeji.

Redioni siwezi kurudi kujikanusha, wenye kampuni watanimaliza. Lakini mwezi wa tatu nakuja kupiga kwenu, ukumbi ule ule wa chupa za soda. Nitasema jukwaani, kipaza sauti mkononi, watu wote wakisikia. Ahadi ni deni. Tiketi mbili ziko humu ndani, safu ya tatu.

Somo wako wa nyuzi


20 Novemba 1991

Somo,

Barua na tiketi vimefika. Kwa afya hatujambo.

Nilimpa shemeji yako barua, akaisoma amesimama. Akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi. Akasema aliyesaini hapo ni somo, na somo ni wewe na ni mimi, na mwandiko tulifundishwa na mwalimu mmoja. Nikamwonyesha muhuri wa posta. Akasema haya, hata iwe yake, lakini "alinivua nguo redioni, hawezi kunivisha ndani ya bahasha."

Ila tiketi amezichukua, ziko kwenye mkebe wake wa sindano. Na jana amenunua viatu. Nakupa habari ya viatu ili ujue unachokuja kufanya.

Somo wako wa ngoma


16 Machi 1992

Somo,

Leo siulizi hali, nimekuona mwenyewe. Umekonda. Gitaa bado unalijua, sitasema uongo. Ule mkono wa kushoto hakuna aliyeupata mpaka leo.

Tulikuwa safu ya tatu kama ulivyoandika. Shemeji yako alikaa upande wa njia, mkoba magotini. Ulipofika wimbo wa mwisho ukasema una jambo ulilochelewa kulisema. Nikamshika mkono, na hakuutoa. Ukasema: "Watu wameniuliza miaka mingi wimbo huu ni wa nani. Leo naweka wazi. Aliutunga mtu mmoja tu, kwa machozi yake mwenyewe." Ukalitaja jina.

Jina tu. Hukuweka la baba. Hukusema mpiga dramu wa zamani, hukusema fundi wa vibao huyo hapo chini, hukusema mtoto. Watu wakadhani unajitaja mwenyewe, ndiyo mikogo ya wanaroki. Ukumbi mzima ukasimama. Nikasubiri uinue mkono uwanyamazishe. Nilikuona ukifungua mdomo, sikukosea, nilikuona. Makofi yakazidi, ukainama. Kisha ukainama tena.

Na mimi nilipiga makofi. Hilo ndilo linanila. Nilisikia jina langu limetajwa, mikono ikatangulia akili. Shemeji yako akaitazama mikono yangu, akasema: "Hata wewe."

Alivua viatu mlangoni akaenda peku mpaka nyumbani, mimi nyuma yake nimevibeba. Jumatatu alikwenda kwa dada yake na sanduku dogo. Kubwa ameliacha, na mimi nalitazama hilo kubwa kila nikipita, najipa moyo.

Wewe hukuniibia wimbo, somo. Mwizi huogopa kuonekana. Wewe umenivisha kilemba cha ukoka mbele ya mke wangu, tena nilikuja kukipokea kwa miguu yangu.

Wa ngoma


9 Juni 1992

Somo,

Sijui nianze na salamu ipi. Mimi si mzima sana, na naamini wewe pia.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyopenda. Lakini nawe nitendee haki. Nililisema jina lako. Nilisimama nikalitaja, kama ni langu pia, kosa la nani, la mama zetu? Ndiyo, nilifungua mdomo. Nilitaka kusema ni yule pale. Halafu yale makofi yakaniingia kwenye hili sikio moja lililobaki. Miaka mitatu sijapigiwa makofi namna ile, somo. Santuri zangu mbili za mwisho zimeozea madukani, vijana hawanijui. Nikajiambia nitasema wimbo ukiisha. Wimbo ukaisha, nikaona nimeshachelewa.

Nataka kurekebisha. Kampuni inatoa mkusanyiko wa nyimbo zangu zote, tangu za bendi. Nimewaambia waandike kwenye jalada kwamba wimbo ule ni wa binti wa rafiki yangu aliyefariki mchanga. Wamependa sana. Prodyuza anasema habari ya mtoto itawagusa watu, tena mkusanyiko mzima huenda ukapewa jina lake. Ndipo akaniuliza mtoto aliitwa nani, nikawa sijui. Miaka kumi na mitatu nauimba, sikuwahi kukuuliza. Niliona aibu, kwa kweli.

Niandikie jina lake. Uharakishe kidogo, jalada linakwenda kiwandani mwisho wa mwezi. Shemeji msalimie, mwambie sasa litakuwa limeandikwa, halitafutika.

Somo wako wa nyuzi


27 Juni 1992

Ndugu msanii,

Barua yako ilifika tarehe kumi na tano. Nilitembea nayo mfukoni siku tatu, kisha nikaipeleka kwa shemeji yangu, dada yake mke wangu, nikaomba kuonana na mke wangu mwenyewe. Alikuwa anachambua mchele. Nilimsomea yote, hata pale pa makofi, hata pale pa kiwandani. Nilipofika hapo kwamba hukuwahi kuuliza aliitwa nani, alisimamisha mkono. Akaniambia: "Basi ni kweli wimbo ni wako. Angekuwa ameutunga yeye, angejua anamlilia nani."

Hajarudi. Alinisogezea kiti, nikakaa, na tukazungumza mpaka mchele ukaisha. Tumekubaliana jambo moja, la kwanza tangu mwezi wa tatu. Jina hatukupi.

La kwangu ulilipata bure, tukicheka, ukaondoka nalo. Wimbo tulikupa kwa hiari yetu. Hili la mtoto linatajwa na watu wawili tu duniani, na ukilipata utaliimba. Utaliimba vizuri, maana unajua kuimba, na baada ya miaka miwili litakuwa lako.

Kwenye jalada andikeni mnachotaka. Ukiniandikia tena, neno somo usiliweke.

Ni mimi,

Baba yake