Dawa ya Vitasa

Shiku, bosi wetu Mbugua amenidhalilisha mbele ya wauguzi wote.

Amepaka vitasa vya wodi ya watoto dawa ya kuua virusi, kisha akaamuru ndoo za kunawia ziondolewe. Eti hazihitajiki tena.

Nikamwambia: daktari, hapa Isiolo kuna joto. Milango huwekewa jiwe ibaki wazi mchana kutwa. Hakuna anayegusa kitasa. Kila mtu anashika pazia la mlangoni.

"Njambi, wewe kazi yako ni kupinga tu." Wakacheka. Kupinga tu. Mimi.

Halafu akapiga chafya kiganjani, akasukuma pazia kwa mkono huo huo, akaenda kumbeba mtoto wa Akal, yule mgonjwa mdogo aliyetolewa kwenye oksijeni jana.

Amesema nikirudisha ndoo nisije kazini kesho.

Nimeshazirudisha.