Mkono Wangu Amekufa

Nizwa,
Oman.
Ijumaa, 24 Januari 2025

Mpendwa Dada Fakhriya,

Shikamoo, na salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumai barua hii itakukuta umekaa barazani kwako Malindi na miwani yako mipya machoni, si ile ya zamani uliyoifunga uzi. Vipi presha? Vipi goti la kushoto? Na yule paka wako mwizi bado yuko, au majirani wameshachoka naye? Wifi yako Mabruka anakusalimu sana. Anasema kitambaa ulichomletea bado hajakishona, anangoja apungue kidogo, nami nimemwambia kwa hesabu hiyo kitashonwa na wajukuu.

Sisi huku wazima kwa jumla. Nimeandika hivyo, kisha nikaitizama hiyo "kwa jumla", nikaona niiache.

Baridi ya mwaka huu imezidi. Asubuhi nikitoka kwenda kazini kioo cha gari kimejaa ukungu na vidole vinakataa kushika ufunguo. Samad, kijijini kwetu, nilikwenda wiki tatu nyuma. Nyumba ya mama ukuta wa jikoni umepasuka, lakini paa zima. Zamu yetu ya maji ya falaji, ule mfereji wa kijiji, bado ni Jumanne, na mitende haina neno. Mtende ule uliokuwa ukikaa chini yake ukichambua mchele ulipokuja kututembelea umeinama kidogo. Nimeutia gogo la kuuegemeza.

Utauliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Simu yako, Dada, inasikilizwa na nyumba nzima, na ukiitia sauti ya juu hata muuza urojo wa nje anajua habari zangu. Hii nimempa Khulood, binti wa jirani yetu, anayekuja huko harusini. Nimemwambia akupe mkononi mwako na akuache usome peke yako.

Nianze na mieleka, maana ndiko mambo yalikotokea. Najua utacheka. Tangu mdogo ulikuwa ukiniita Gunia, kwa kuwa nikishaanguka siinuki mpaka nibebwe. Basi Gunia ni kocha wa chuo mwaka wa kumi na moja huu.

Tumefika nusu ya msimu. Tumeshindana mara tano, tumeshinda tatu na kushindwa mbili. Zimebaki nne, na zote lazima ziishe kabla ya Ramadhani. Vyuo viko kumi, sisi ni wa tatu, na wawili wa juu ndio wanaokwenda fainali. Mkuu wa chuo akiniona ukumbini husimama akanipa mkono. Nampa mkono. Ananiambia mwaka huu ni wetu, nami namjibu inshallah.

Timu ni watu sita, kila mmoja na uzito wake. Wa kilo hamsini na saba ni Khattab, mwembamba kama ufito, hufunga Jumatatu na Alkhamisi, na mpaka leo sijajua kama anafunga kwa ajili ya Mungu au ya mizani. Mzito kupita wote ni Adham, ambaye hulala kwenye basi toka Nizwa mpaka mlangoni mwa ukumbi wa watu, akaamshwa, akashinda, akarudi kulala. Wa sitini na tano na wa themanini na sita wanakwenda vizuri, sina la kusema. Kilo tisini na saba hatuna mtu toka Novemba, kwa hiyo kila mara tunaanza tukiwa tumeshampa mwenzetu pointi za bure. Na kilo sabini na nne ni Muatasim, mjukuu wako.

Alikuwa Muatasim.

Binti yako Radhia alikupigia simu mwezi uliopita akakwambia mwanawe ameteleza ngazini, nyumbani kwao Ibra, bega likashtuka kidogo. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale wakati anakwambia. Nikachukua simu nikakuuliza habari za paka. Nyumba ya Radhia ni ya chini, Dada, ulilala humo wiki tatu. Haina hata ngazi moja.

Ilikuwa Sur, Alkhamisi ya tarehe 19 Desemba. Tulikuwa sawa kwa pointi, na pambano la Muatasim ndilo lililobaki kuamua. Nusu ya kwanza aliongoza sita kwa nne. Karibu na filimbi yule kijana wa Sur alimkamata mkono wa kulia akauvuta chini, kichwa kikaenda upande wa pili. Nililiona hilo, wala sitakwambia sikuliona. Kati ya nusu na nusu kuna sekunde thelathini. Akaja pembeni kwangu, jasho linamchuruzika. Mimi na yeye tukiwa kwenye mkeka husema Kiswahili, wengine wasitufahamu.

"Babu," akaniambia, "mkono wangu amekufa."

"Umekufa," nikamwambia. "Mkono umekufa. Sema tena."

"Umekufa."

"Ahsante. Yalla, ingia."

Nikampiga kofi la mgongoni, akaingia.

Alishinda, nane kwa sita. Alipigana nusu nzima kwa mkono mmoja, na watu wakadhani ni mbinu. Adham alimbeba begani akamzungusha ukumbi mzima, nami nilipiga makofi. Hiyo nafasi ya tatu tuliyo nayo imetokana na pointi zile. Tulipokuwa tunarudi, tumepita Ibra, nilimuona anashika chupa ya maji, chupa ikamtoka, maji yakamwagikia mapajani. Akacheka. Akaiokota, ikamtoka tena. Mara ya pili hakucheka, na hapo ndipo yale maneno yake yaliponifikia. Yalichukua saa nzima na ushei kutoka sikioni mpaka moyoni.

Unakumbuka alipokuja kwako ana miaka kumi na miwili, akasema "kiti yangu"? Ulicheka mpaka ukajifuta machozi, kisha ukanigeukia mimi, si yeye. Ukanambia, "Harub, hawa watoto wakiua lugha ya mama, dhamana ni yako." Sikulaumu. Naandika ilivyokuwa tu. Mama naye alitupiga makubadhi kwa makosa kama hayo, na mimi niliona fahari kwamba kwangu hapiti mtu na ngeli iliyovunjika. Muatasim nimemsahihisha miaka minane, mezani, garini, kwenye mkeka. Nilizoea kusikia anavyosema. Alichosema sikukisikia.

Daktari anasema ni mshipa wa fahamu, umevutika pale shingo inapokutana na bega. Kidole gumba na cha shahada vizima. Cha kati nusu nusu. Viwili vya mwisho havina habari. Huenda ikachukua miezi, na huenda fahamu isirudi yote. Nilimuuliza, lau angetolewa pale pale mkono ulipokufa ganzi? Alinitizama kidogo, akasema jeraha lingekuwa jepesi zaidi. Nikamshukuru. Nikaenda kulipa maegesho ya gari.

Tangu siku hiyo, Dada, sijui nikwambie nini juu yangu. Nakula. Nalala. Kazini naenda kwa wakati. Mabruka analia, Radhia alilia akanisamehe mbele ya watu, Muatasim mwenyewe ananiambia ni kadari. Wote nawasikia kama wanazungumza chumba cha pili. Naona haya, hilo nalijua, lakini nalijua kama ninavyojua jina langu. Haliniumi. Nangoja liniume.

Sasa kuna jambo la orodha. Katikati ya msimu kila chuo kinaruhusiwa kubadilisha majina mara moja, na baada ya hapo mlango unafungwa. Siku ya mwisho ilikuwa jana. Kwa kilo tisini na saba nimemtia kijana mmoja wa uhasibu, mnene tu, hajui kitu, lakini akisimama pale hatutapoteza pointi kabla ya kuanza. Kwa sabini na nne nilikuwa na Mohannad, wa mwaka wa kwanza, mtu wa Jalan Bani Bu Ali. Nilimpata safari ya chuo, pikapu ya mbele imezama mchangani, wenzake wanapiga simu kuomba msaada, yeye ameitia bega akaitoa. Ana kilo sabini na tisa, kwa hiyo tano zitoke. Anapigana kama anayesukuma gari, lakini anasikia akiambiwa.

Muatasim hakutaka jina litoke. Huu ni mwaka wake wa mwisho chuoni, hana msimu mwingine. Alianza kuniambia amepona. "Wallahi, Babu, khalas, anasikia kila kitu," na kunionyesha vidole anavikunja na kuvikunjua. Nami nilitaka kumuamini. Akipona yeye, na mimi nimepona.

Jumamosi ya tarehe 11 nilikwenda Ibra kuwatizama. Radhia alileta kahawa, Muatasim akasema atamimina yeye. Unajua kwetu huku dala ya kahawa hushikwa mkono wa kushoto na kikombe wa kulia. Alimimina huku ananizungumzisha habari za pambano lijalo, hakutizama. Kikombe kikajaa, kikafurika, kahawa ikashuka juu ya vile vidole viwili, mvuke unatoka. Yeye kaninyooshea mkono, anatabasamu, anangoja nipokee.

Radhia alipiga ukelele. Mimi nilipokea kikombe, nikanywa. Sijui kwa nini nilikunywa. Mpaka leo sijui. Muatasim alikuwa akitutizama mmoja mmoja, hajafahamu kuna nini, mpaka alipoona ngozi.

Mficha maradhi, mama alikuwa akisema, na hakuwa akimaliza. Malengelenge yamepona sasa. Ni madogo hayo.

Juzi, Jumatano, nilimrudisha kwa daktari. Daktari akamwambia afumbe macho, akaanza kumchoma kwa sindano, kidole kimoja kimoja. Gumba, akasema ndiyo. Cha shahada, ndiyo. Cha kati, akasita, akasema ndiyo. Cha nne, kimya. Daktari akamchoma tena, kimya. Akaja kwenye cha mwisho. Nilikuwa nimesimama ukutani natizama ile sindano.

Muatasim akasema kwa Kiswahili, kana kwamba tuko kwenye mkeka, "Babu, huyu amesikia. Mbali, lakini amesikia."

Daktari akaniuliza kasema nini, nikamfasiria. Ngeli nilikuwa nayo mdomoni, Dada, miaka minane si mchezo. Nikaimeza. Nikamshika kile kidole chake, na nilitaka kulia, sikuweza. Lakini nilitaka, na hilo nalo lilikuwa halijanijia tangu Sur.

Jana alikuja ofisini kwangu kabla sijapeleka karatasi. Akasema, "Babu, niandike mimi tu. Sitapigana. Jina langu akae pale, bas." Nilimsikiliza mpaka mwisho. Nikamuuliza kama ana jingine, akasema hana. Nikaandika Mohannad. Alisimama akiangalia kalamu mpaka nilipomaliza herufi ya mwisho, kisha akaenda nje. Alasiri niliwakuta ukumbini. Amempa Mohannad viatu vyake vya mieleka. Vinambana, na Mohannad hakusema kuwa vinambana.

Hatutafika fainali, nadhani. Mkuu wa chuo bado hajajua, ataendelea kunipa mkono wiki moja au mbili.

Nakuomba radhi, Dada, kwa mkono wa mjukuu wako, na kwa ile simu ya paka. Radhia usimgombeze, aliogopa presha yako. Nigombeze mimi. Ukinigombeza huenda nikasikia.

Wasalimie wote wa nyumbani, na Bi Shukriya wa nyumba ya pili, mwambie dawa yake ya macho ameibeba Khulood kwenye mkoba mdogo. Mwenyezi Mungu akuhifadhi, akupe afya ya goti na ya moyo, na atukutanishe tukiwa hai, kwako au kwetu.

Jambo la mwisho. Muatasim atakupigia simu Ijumaa ijayo baada ya sala, akusimulie mwenyewe kwa mdomo wake. Atakosea. Atasema mkono yule, vidole wale. Najua itakuwasha ulimi, kwa kuwa wangu huniwasha. Nakuomba umwache amalize, Dada. Kisha muulize ni kipi kinachosikia, na kipi bado.

Mdogo wako akupendaye na kukuogopa,

Harub
(Gunia)