Mapafu ya Mdogo wa Sajini

Dada Akello,

Unanijia asubuhi za ukungu, kilima cha Kibuli kinapopotea na msikiti wake kubaki kama unaelea. Nasikia viatu vyako vya uuguzi koridoni, taratibu, kama vile hukuondoka.

Unamkumbuka kijana aliyebanwa mguu na lori katika gereji ya Kisenyi? Aliletwa wodini kwako mguu umeshakuwa baridi. Daktari alipoufungua mshipa, damu ikarudi, ukamshika kidole gumba ukacheka: "Kina joto!" Naye akaomba chai. Kesho yake alihema kama mtu aliyepanda kilima mbio, na kabla ya jioni akafariki.

Kaka yake, sajini, akaja maabara na bastola kiunoni.

"Nani ameua ndugu yangu?"

Mimi nilikuwa naosha vioo vya vipimo. Niliendelea kuosha. Wewe, uliyekuja kuchukua majibu ya uchunguzi wa maiti, ulimvutia kiti mbele ya darubini, chini yake kipande cha pafu la mdogo wake.

"Afande, tazama. Hizi ni chembe nyeupe, askari wa mwili. Mguu ulikosa damu, nyama ikaumia. Damu iliporudi, askari waliamka kwa hasira, wakajazana kwenye mapafu. Walidhani wanamlinda. Wakaharibu mishipa midogo, maji yakajaa, pumzi ikakosa nafasi."

"Askari yake mwenyewe?"

"Wake mwenyewe."

Miaka ile ya utawala wa jeshi, mbele ya sare ile, neno hilo la askari kumuua wanayemlinda lingeweza kutupoteza sote wawili. Alikaa na jicho kwenye darubini muda mrefu. Akaondoka bila kuaga.

Siku ya tatu nilimwona getini akikuulizia. Sikungoja kujua kwa nini. Nilikimbia hadi chumbani kwako Wandegeya kukuonya, na mchana uleule ukapanda basi la Busia, mpakani, sanduku limefungwa kwa kamba.

Dada, hakuja kukukamata. Niliporudi hospitalini nilimkuta sajini kwenye benchi na mwanamke mzee.

"Mama yetu anasema daktari alipatia mtoto sumu," alisema. "Nataka yule dada aambie yeye vile aliambia mimi."

Nilimweleza mimi, nikiazima maneno yako, sajini akimtafsiria kwa lugha yao. Nilipomaliza, mama aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akanishukuru. Akaniita Akello. Sikumsahihisha.

Kama barua hii itakufikia huko Kenya, pokea shukrani yake. Na unisamehe kwa kukukimbiza.

Mdogo wako wa maabara