Tawi Lililolalia Paa la Jiko

Kitinda mimba wetu,

Hatujambo, na paka kazaa tena kabatini. Tawi la mparachichi limelalia paa la jiko. Nilitaka kulikata mwenyewe, kama Mama alivyozoea huku wewe umemshikia ngazi, ila magoti yamenigomea. Nikamwita fundi wa miti.

Alipoweka msumeno juu ya tawi, Mama, ambaye siku hizi hanijui hata jina, akafoka kutoka dirishani: "Anzia chini, wewe! Utachuna gome!"

Fundi akatii. Nikacheka hadi machozi.

Mama akanigeukia. "Bibie, yule mwanangu wa kushika ngazi yuko wapi?"

Kuna tawi jingine linaloelekea paa; nimemwambia fundi aliache. Njoo ushike ngazi. Nitapanda mimi, magoti yapende yasipende.

Dada yako