Vibano vya Breki Alivyochukua Mtani Wangu

Isevya,
Tabora,
9 Novemba 1955

Mpendwa mwanangu Anselm,

Kosa wanalofanya watu wengi breki ya pikipiki inapolegea ni kukaza nati ya nje na kuondoka. Kanyagio linapanda, mguu unasikia ugumu, mtu anaridhika. Nati haijui kilichomo ndani ya gurudumu. Kwa hiyo nakuomba, usipande pikipiki yako mpaka uimalize barua hii.

Umeona nimeanza bila salamu, nawe unanijua. Fahamu basi kwamba jambo si dogo. Sasa nakusalimu. Shikamoo yako ya mwezi uliopita niliipokea, marahaba, mwanangu. Huko Ujiji mnaendeleaje? Bertila hajambo? Ile homa iliyokuwa ikimrudia imekwisha, au bado anakuficha ili usihangaike? Sisi ni wazima, isipokuwa mama yako mkubwa Koleta ana mikwaruzo mikononi na jicho moja bado jekundu. Nitakueleza sababu.

Mvua za kwanza zimenyesha. Watu wa Isevya wameanza kulima matuta, na jirani zetu wamekwisha kugombania mpaka kama kila mwaka.

Unakumbuka kwamba shangazi yako Josepha alikuwa anamwoza Apolinaria kule Ziba. Mimi ndimi niliyetakiwa kukaa mkekani kama mjomba na kuijibu familia ya bwana arusi. Safari ya Ziba kwa pikipiki si ya mchezo, hasa ukiwa na mke nyuma na kapu la karanga. Kwa hiyo niliagiza vibano vipya vya breki kutoka Dar es Salaam. Vilikuja kwa treni, nikavishika kwa mikono yangu, nikavipeleka kwa mtani wetu Twalibu, fundi wa sokoni, avifunge. Nilimwachia pikipiki kutwa nzima, nikaenda zangu kanisani kwenye kikao cha wazee. Nani angekaa kumlinda Twalibu?

Siku moja kabla ya safari, asubuhi, nilimpakia Koleta na kapu lake ili tujaribu mzigo. Tuliteremka ule mteremko wa kando ya boma la zamani la Wajerumani. Nilikanyaga breki mara ya kwanza, ikashika. Nilipokanyaga tena pakasikika mkwaruzo ndani, na kanyagio likazama kama mguu ndani ya tope. Breki ya mbele, kama ujuavyo, kwangu ni pambo tu. Tukaishia ndani ya ua wa minyaa wa mtu, karanga zimetapakaa njia nzima.

Koleta alikaa chini, utomvu wa minyaa ukimwingia jichoni, akaniambia, "Mwalimu, kama umenichoka, si ungenirudisha kwetu tu? Ua wa watu umekukosea nini?"

Nilicheka kwa kuwa alitaka nicheke. Mwenye ua alituletea maji, tukamwosha jicho, tukarudi nyumbani kwa miguu nikiisukuma ile pikipiki.

Nilipofika nilitoa gurudumu la nyuma. Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye somo. Katikati ya gurudumu kuna kitu kama chungu cha chuma. Ndani yake mna vibano viwili vyenye umbo la mwezi mwandamo, vimevikwa kitu kigumu kama ngozi iliyokauka. Ukikanyaga breki, vinatanuka na kukumbatia chungu, gurudumu linasimama. Ile ngozi ikiisha, hakuna cha kukumbatia. Fundi mwenye hila hukunja kipande cha bati na kukipachika pale vibano vinaposukumiwa, ili vitanuke zaidi kuliko haki yake. Kanyagio linakuwa gumu, nawe unamshukuru. Lakini bati si chuma. Siku ya mzigo na mteremko, linachomoka.

Ndicho nilichokikuta. Vibano vikuukuu vimelika mpaka vinang'aa, na kipande cha debe la mafuta ya taa kimechomoka, rangi ya debe bado ipo. Vibano vyangu vipya havikuwamo.

Nilikwenda sokoni. Twalibu aliponiona alipiga kelele mbele ya wateja wake, kama kawaida yake, "Karibu, mpagazi! Leo umekuja kwa miguu? Ndivyo Mungu alivyowaumba!"

Nikamwuliza, "Twalibu, vibano vyangu viko wapi?"

"Vimekwenda Sikonge na bwana mmoja wa asali. Yeye ana haraka, wewe una uzee. Mnyamwezi na breki wapi na wapi? Babu yako alitoka hapa mpaka Bagamoyo na pembe begani. Alikuwa na breki gani yule?"

Watu walicheka. Zamani na mimi ningecheka, nikamwambia kwamba babu zake Wazaramo walikaa pwani kungoja babu zetu wawaletee cha kula. Siku ile nilimwambia tu, "Koleta ameumia."

Akasema, "Ah, mtani, usiwe mzito. Mbona mwanao Anselm nilimfanyia hivyo hivyo wakati wa Pasaka, na mpaka leo yupo?"

Mpaka leo yupo! Mwanangu, maneno hayo nimelala nayo na kuamka nayo. Nilikumbuka ulivyomwachia pikipiki yako ulipokuja likizo, ukaipakia kwenye treni ya Kigoma ukimsifu kwa kazi nzuri. Na katika barua yako umesema Jumapili utampeleka Bertila kwao Kasulu kwa hiyo hiyo pikipiki, naye ni mjamzito, na milima ya njia ile naijua.

Utaniuliza, je, si utani? Nami nakujibu kama nilivyokuwa nikiwajibu wanafunzi wangu. Mtani huchukua mbele ya macho yako. Akibeba kuku wako, anapita naye katikati ya uwanja, kila mtu anamwona, nawe unanung'unika huku unacheka. Anayechukua ukiwa umegeuka, kisha akaziba pengo kwa bati ili usijue, huyo si mtani. Tulipomzika baba yako, mdogo wangu, Twalibu ndiye aliyeteremka kaburini akajilaza, akasema hatoki mpaka apewe jogoo, kwa sababu marehemu aliahidi kumpa akafa kwa ubahili. Padri alikunja uso, lakini wewe ulicheka katikati ya machozi, nami nilimpenda Twalibu siku ile kama ndugu wa tumbo moja. Huyo ndiye aliyekupandisha treni na debe ndani ya gurudumu.

Jana alikuja hapa na jogoo mkononi. Koleta aliitikia salamu yake, jogoo hakumpokea. Twalibu alisimama kidogo mlangoni, akaenda zake, jogoo akiwika njia nzima. Siku yangu itakapofika, sijui ni nani atakayelala kaburini mwangu awachekeshe ninyi.

Ziba sikufika kwa wakati. Nilipata lori la pamba baadaye, nikakuta mahari yamekwisha kusemwa na Josepha amenuna. Hilo litapona.

Nilifikiri kukupelekea simu ya maandishi, nikaona ungesoma maneno mawili matatu, "usipande pikipiki", ukasema mzee ameota ndoto mbaya. Kwa hiyo barua hii nampa Dionis, mlinzi wa treni, akukabidhi mkononi. Ukikuta bati, Kasulu nendeni kwa lori. Vibano vipya nitakuagizia mwenyewe.

Koleta anakusalimu, anasema jicho linaona vya kutosha kukuona ukija Noeli. Nisalimie sana Bertila, na mzee Ambrosi jirani yenu, mwambie tumbaku yake nimeihifadhi. Mungu aliyewafikisha babu zetu Ujiji kwa miguu awalinde ninyi mnaokaa huko, na mtoto ajaye.

Leo hii, kabla hujala, toa gurudumu la nyuma uangalie ndani kwa macho yako mwenyewe.

Ni mimi baba yako mkubwa, nikupendaye siku zote,

Wenceslaus Masolwa