Askari Wote Wako kwa Kobe

Tarehe 4 Machi

Mwanangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, vumbi la hiyo barabara mnayojenga halikusumbui kifua, na unakula ukashiba. Mimi sijambo. Miguu tu inalalamika kwa ajili ya cherehani, lakini hii miguu ilianza kulalamika kabla wewe hujazaliwa. Kaka yako naye hajambo, anakusalimu.

Dereva wa lori la mafuta amesema kesho anakuja huko kambini kwenu, basi nimeziweka kando sketi za watu nikuandikie. Mahali gani hapo, hata mtandao wa kumwambia mzazi "nimefika" hakuna!

Habari ya mji wako. Nafanya vile vile ulivyonielekeza siku ya kuondoka. Asubuhi nikishafungua kibanda nawasha ile simu uliyoniachia, naingia kwenye gemu, nabonyeza ghala, nabonyeza mashamba, nazima. Mji uko salama. Ukuta uko juu, askari wamejaa uwanjani wamesimama tu, sijui wanasubiri nini. Ila usinikasirikie, nimeanza kusoma yale maneno wanayoandikiana wenzako wa kundi lenu la Ngome. Mwanzoni nilikuwa nayapita. Siku moja nikaona mtu ameandika, "Nyuki, tuma ngano sasa hivi." Nyuki si ndiyo wewe humo ndani? Hakuna habari za asubuhi, hakuna tafadhali. Nikamjibu, "Salamu kwanza. Umeamkaje? Nyumbani kwako hawajambo?" Halafu yule anayejiita Radi akaandika, "Jamani, Nyuki ameokoka!" Wakacheka wee. Nikasema mimi si Nyuki, mimi ni mama yake, mwenyewe yuko mbali kazini anaendesha greda. Tangu hapo naitwa Mama Nyuki. Radi ananiamkia kila siku. Ni kijana mzuri, kazi yake kuchomelea vyuma, na mgongo unamsumbua.

Sasa kuna jambo. Kuna mwenzenu anaitwa Kobe. Ana muda haingii. Mkubwa wenu, Jemadari, ametangaza kwamba kwa sheria ya Ngome mtu akinyamaza mwezi mzima amekufa, kwa hiyo Jumapili ijayo watavunja ukuta wake wagawane kilichomo. Nikauliza, amekufa kweli au hayupo? Jemadari akasema, "Mama, hapa ni kitu kimoja."

Si kitu kimoja, mwanangu. Nilirudi juu huko nikatafuta neno la mwisho la Kobe. Aliandika, "Nina shughuli kidogo, niangalizieni mji wangu." Watu wakajibu sawa, sawa, sawa. Na wewe umo.

Niambie nifanye nini, na uniambie upesi.

Mama yako


Tarehe 11 Machi

Shikamoo mama,

Mimi mzima, kifua hakina neno. Tunakula vizuri kuliko unavyofikiri. Greda langu limewekwa kisu kipya, linalaza udongo mpaka unatamani ulale juu yake. Barua yako imefika ikinuka dizeli, lakini imefika.

Mama, nakupigia magoti: usiandike mle. Bonyeza ghala, bonyeza mashamba, zima. Ule si mkutano wa ukoo. Ni vita, na watu wanatumia akili. Ile sheria ya kunyamaza mimi mwenyewe niliipigia kura. Mji usio na mwenyewe maadui wanauvamia, wanashiba ngano yake, kisha wanatugeukia sisi wakiwa na nguvu. Afadhali tuule wenyewe. Najua inasikika vibaya, lakini ndivyo tulivyodumu wakati makundi mengine yote yamekwisha. Huyo Kobe simjui hata sura.

Wewe unaona katuni. Mama, ule mji nilianza kuujenga nilipomaliza shule nikakaa hapo nyumbani bila kazi, mnanipita sebuleni kama kiti. Hakuna aliyeniuliza naonaje juu ya jambo lolote. Mle ndani nikaitwa Mkuu wa Ghala. Nikisema subirini, watu wazima wenye ndevu zao wanasubiri. Nikirudi kutoka huku nataka niukute mji wangu na cheo changu kama nilivyoviacha. Sina kingine nilichokijenga kwa mikono yangu.

Kwa hiyo askari usiwaguse. Hata mmoja.

Mwanao


Tarehe 19 Machi

Mwanangu,

U hali gani? Nimefurahi kusikia unakula. Mimi nina mafua kidogo, yatapita.

Barua yako imefika, lakini imeikuta Jumapili imeshapita. Askari nimeshawagusa.

Ilikuwa hivi. Nilibonyeza pale palipoandikwa "linda", nikachagua mji wa Kobe. Simu ikaniuliza, wangapi? Nikabonyeza wote. Nilijua wanakwenda zamu, jioni wanarudi kwao kama watu wengine. Kumbe wanahamia! Wako huko huko kwa Kobe, na kula yao inatoka ghala letu. Kwetu hakuna hata mlinzi wa geti. Radi alipoona akaandika, "Mama Nyuki, umehama na vyombo?"

Jemadari akaja juu. "Mama, ondoa askari hao. Leo."

Nikamwambia, "Kobe aliomba mji wake uangaliwe. Mtoto wangu alijibu sawa. Panda juu ukasome."

"Hapa hakuna huruma. Mmoja akilala, wote tunakufa."

Yule anayeitwa Tabibu, ambaye huwa hasemi, akaandika, "Samahani Mkuu, kesho nikilazwa hospitali, na mimi mtanigawana?"

Jemadari akasema, "Ndiyo."

"Aa. Nashukuru kunijulisha mapema."

Radi akadakia, "Mimi mkinigawana, zile ngazi zangu za kuparamia kuta apewe Mama Nyuki. Ndiye anayepanda juu kusoma."

Nilicheka nikajichoma sindano. Lakini Jemadari hakucheka. Akaniuliza, "Mama, unajua mkakati ni nini?"

Nikasema sijui, mimi niliishia darasa la nne, nieleze.

"Ni kutoa kidogo ili upate kikubwa."

"Basi toa cha kwako," nikamwambia.

Sitakuficha, alinijibu kwa adabu. Alisema amelijenga kundi hili miaka mingi, ameona miji mingi ikiungua kwa sababu ya mtu mmoja mwenye moyo laini, na hataki kuona tena. Nikamwamini. Ni mtu anayeogopa, na mimi woga naujua, naamka nao kila siku nikifikiria hiyo barabara yako. Lakini akasema uvamizi ameuahirisha tu, na nikifika Jumapili ya mwisho wa mwezi sijaondoa askari, Ngome nzima itashuka kwa Kobe na kwetu pia.

Sasa nisikilize. Ulipoondoka, wiki haijaisha, kaka yako alitaka chumba chako aweke mifuko ya saruji. Eti kimekaa bure. Nikamwambia chumba kina mwenyewe. Akasema, "Mwenyewe yuko wapi?" Nilisimama mlangoni na mkasi wangu mkononi mpaka akapeleka saruji yake kwingine. Shuka lako nalifua, dirisha nalifungua. Wewe unataka nimfukuze kaka yako mlangoni kwako, kisha niende nikavunje mlango wa Kobe?

Na humo ndani wewe pia umenyamaza, mwanangu. Kidole changu ndicho kinachokuhesabisha kuwa hai. Kidole hicho kikiugua, zamu ni yako.

Barua yako nimeisoma nikairudia. Nimekuelewa vizuri. Na sitafanya.

Mama yako anayekupenda


Tarehe 27 Machi

Mama,

Rudisha askari wangu.

Usinieleze habari za saruji na shuka. Chumba ni chako, umekijenga wewe, kilinde utakavyo. Mji ni wangu. Nilikuomba ubonyeze mara mbili asubuhi, basi, kitu ambacho hata kuku angefanya kwa mdomo, na wewe umeniingiza vitani na watu walioniheshimu wakati kwenye nyumba yako hakuna aliyeniheshimu.

Namlipia dereva soda ili barua hii ikufikie kabla ya Jumapili. Ikishakufikia usiseme hukujua.

Nyuki, mwenye mji


Tarehe 5 Aprili

Mwanangu,

Safari hii hukuniamkia wala hukuuliza nimeamkaje. Mimi nakusalimu hata hivyo. U mzima? Yale mafua yangu yamekwisha.

Barua yako niliipata Jumamosi mchana. Kwa hiyo sisemi sikujua. Nilijua. Niliikunja nikaiweka chini ya kitambaa cha cherehani nikashona juu yake mpaka jioni, na jibu langu halikubadilika.

Walikuja Jumapili nikiwa na mteja, yule mwalimu mnene wa hapa shuleni, nampima kiuno. Simu ikaanza kulia honi ya vita. Nikamwachia ashike utepe mwenyewe. Akasema, "Mama, sketi yangu!" Nikamwambia, "Subiri, tunavamiwa." Akachungulia, na mpaka leo ananiuliza habari za vita kabla ya kuuliza habari za sketi.

Walianza kwetu. Kwa nini wasianze, mji hauna mtu. Ukuta ulianguka, ukafuata ule mnara wako wenye bendera ya njano. Ghala wakalimaliza. Mashamba wakayachoma, hayo hawakuwa na haja ya kuyachoma. Niliangalia mpaka mwisho kwa sababu nilisema nisipoangalia mimi, nani ataona? Nililia, na mwalimu akanishika bega.

Kisha wakaenda kwa Kobe. Na kwa Kobe, mwanangu, walikutana na askari wako! Sikujua umewafundisha namna ile. Jemadari alirudi mara ya pili, akarudi tena. Radi akaleta wake, akaandika, "Nimechoka kuamriwa, leo nakufa na mama." Tabibu naye akaja, kimya kimya kama kawaida yake. Ukuta wa Kobe umesimama. Ngano yetu imeungua, kwa hiyo askari wako sasa Radi na Tabibu ndio wanaowalisha. Sisi watatu tumefutwa Ngome. Cheo chako kimekwenda na mji wako.

Kobe mwenyewe hajaingia. Labda ataingia, labda hataingia kabisa. Mwalimu ananiuliza, "Sasa mlimpigania nani?" Namwambia, mtu aliyetuomba.

Kwa mji wako, pole, na naisema nikiwa nimepiga magoti hapa sakafuni kwenye vipande vya vitambaa. Ulikuwa mzuri. Na lile neno la sebuleni, la kukupita kama kiti, limeniuma kwa sababu ni kweli. Lakini usinisubiri niseme nilikosea kwa Kobe. Hata ukiacha kuniandikia. Hata ukirudi ukanipita mlangoni. Wakija tena kesho nitawaweka pale pale, wote.

Mama yako, utake usitake


Tarehe 16 Aprili

Shikamoo mama,

U hali gani? Miguu je? Mimi mzima.

Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa na hasira, halafu nilikuwa natafuta mtandao. Jumapili dereva alinipeleka mpaka kwenye ule mlima wenye mnara wa simu. Nikaingia kwa simu ya fundi mmoja wa hapa kambini, nikausoma mkutano wenu wote, neno kwa neno, tangu ile salamu ya kwanza. Fundi akawa ananiuliza mbona nacheka mwenyewe, halafu mbona nalia, halafu mbona nacheka tena. Nikamwambia ashike usukani wa maisha yake.

Mji nimeuona. Majivu.

Jemadari alikuwa ameniachia ujumbe wangu peke yangu. Anasema kosa si langu. Anasema niandike mbele ya wote, kwenye uwanja wa gemu ambako hata tuliofutwa tunaandika, kwamba simu ilikuwa mikononi mwa mtu asiyejua kitu, na kwamba namkana. Nikiandika hivyo, Ngome wataujenga mji wangu upya kwa mawe yao, na cheo nitarudishiwa. Kinanisubiri.

Mama, nilikitaka. Usidhani sikukitaka. Niliandika nusu nzima ya hayo maneno, nikafika pale pa "mtu asiyejua kitu", nikaanza kukuona umesimama mbele ya mnara unaoungua eti mtu asipoangalia nani ataona. Nikafuta.

Nikamwandikia mbele ya wote: "Askari walikuwa wangu na wamekaa nilipotaka wakae. Mama yangu hakuhitaji ruhusa. Aliyechoma mashamba yangu ajiandae."

Radi akapiga kelele humo ndani kama mwendawazimu.

Sasa sikiliza, maana safari hii nakuelekeza vita kweli. Usijenge pale pa zamani, wanapajua. Jenga karibu na Kobe, upande wa mto. Anza na ukuta, ghala baadaye, na usinibishie kwa hili, ukuta kwanza. Askari warudishe nusu, ile nusu nyingine ibaki hapo hapo ilipo. Radi akae kaskazini. Tabibu muulize kwanza anaonaje, watu kimya huwa wameona mengi. Watakuja tena kabla mazao hayajakomaa, na watakuja wengi.

Nami Jumapili ijayo napanda mlimani. Nikukute umeshaweka mawe.

Mwanao