Pumzi ya Kuanzia

Mpendwa Baba,

Nakuandikia nikiwa garini, zamu haijaanza, na miguu inaniuma tayari.

Unazikumbuka Jumamosi zenu kwenye ukumbi wa kanisa hapa ugenini DeSoto? Wazee watano wapuliza ala: filimbi, obo, honi, fagoti, na wewe na klarineti yako. Nilikuwa nakuleta nikitoka kazini, Neema mgongoni, nawaza kitanda tu. Wewe unamfundisha mtoto ambaye hata kuongea hajui: "Muziki huu wa zamani, mjukuu wangu, matajiri wa Ulaya walipigiwa wakila bustanini. Huu wa karne iliyopita, sikia unavyotania. Na huu wa juzi, aliyeutunga nadhani alikuwa na presha."

"Presha unayo wewe unayetukimbiza!" Mzee Mushi wa fagoti akakujibu.

Nikakuuliza mbona hamna wa kuwahesabia muanze. Ukacheka. "Tunavuta pumzi pamoja, mwanangu. Ukimsikia mwenzako kavuta, umeshaanza." Halafu ukaniambia, kama mtu anayeagiza chai, kwamba siku ya kukuzika ikifika, wasikuwekee muziki wa simu. Wazee wakupigie ule wa bustanini. Nikasema sawa, Baba.

Ikaja 2020 na ugonjwa wake, ukakulaza hospitali. Mimi ninayeogesha wazee wa watu kila siku, sikuruhusiwa kukushika hata mkono. Na makaburini wakatuambia kuimba marufuku, kupuliza ndiyo kabisa. Nilibembeleza, nikabisha, nikalia. Shemeji akatoa simu aweke chochote. Nikamwambia, "Shemeji, tafadhali, irudishe mfukoni."

Wenzako wanne walikuja hivyo hivyo. Barakoa usoni, wamesimama mbali mbali, ala mikononi. Jeneza lilipoanza kushuka, Mzee Mushi akainua mabega. Wote wakavuta pumzi. Niliisikia, Baba, mara moja, kama mtu mmoja. Nami nikavuta.

Hakuna aliyepuliza. Wakabaki mabega juu mpaka ukafika chini.

Klarineti yako iko juu ya kabati. Neema anauliza, "Babu anapiga lini?" Namjibu ale kwanza.

Ile pumzi niliivuta pamoja nao, Baba. Mpaka leo sijui niitolee wapi.

Pumzika. Mimi naingia kazini.

Binti yako,
Mama Neema